Mzee Nduhu Yuko Katoro

Dada yangu anayekaa Igoma ndiye aliyenitumia ile klipu. Hakuandika neno, aliweka tu vile vikatuni vya kucheka hadi machozi, vinne kwa mstari. Nilikuwa dukani kwangu Buzuruga, hapa Mwanza, mteja wa cheni ya bodaboda kasimama mbele yangu anahesabu noti. Nikaifungua nikidhani ni mambo ya kamati ya harusi.

Haikuwa harusi. Kijana mmoja, thelathini hajafika, kavaa koti refu la mtumba, kajibandika ndevu za pamba, kasimama mbele ya geti la mabati. Anakuja mtu wa pikipiki na mzigo.

"Mzee, bosi yupo?"

"Nduhu."

"Anarudi saa ngapi?"

"Nduhu."

"Mke wake je?"

"Nduhu."

"Sasa hapa unalinda nini?"

Mzee anafikiri. Analigeukia geti, analitazama juu hadi chini, anamrudia mtu wa pikipiki, kisha anafungua kiganja cha mkono wa kulia taratibu, kama anayekuonyesha kitu alichokificha humo tangu alfajiri.

"Nduhu."

Kwa msomaji asiye wa kanda hii: nduhu kwa Kisukuma ni hakuna, hamna, bila. Ukiulizwa habari unajibu nduhu tabu, maisha yanaendelea.

Mteja wangu alichungulia simu, akacheka mpaka akasahau alipofikia kuhesabu. "Huyu mzee huyu!" akasema. Nikamwambia huyo mzee ni mimi. Akanitazama, akaitazama simu, akaanza kuhesabu upya.

Mzee Nduhu nilimfanya mwaka 2009, kwenye chumba kimoja nyuma ya saluni pale Mabatini. Tulikuwa kikundi cha vichekesho cha watu watano. Nchi nzima wakati ule ilikuwa bado imelewa Ze Comedy, kipindi cha vichekesho kilichoanzia kwenye televisheni ya EATV. Sisi tuliokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tulikuwa hatujawahi kuona vijana wa kawaida wakiingia kwenye televisheni kwa kuiga tu watu. Tulikulia kwenye vichekesho vya redio, Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania, ambao sura zao hatukuzijua na wala hatukuhitaji kuzijua. Lakini hawa wa EATV walikuwa na sura, na kila sura ilikuwa na watu kadhaa ndani yake. Lucas Mhavile, Joti, leo ni bibi kizee, kesho ni mtoto analilia pipi. Emmanuel Mgaya akaja na Masanja. Sasa Masanja ni jina la kwetu, la Kisukuma kabisa, na sisi tukawa tunaulizana: huyu Mgaya kalitoa wapi? Kwimba? Magu? Kama mtu wa mbali anaweza kuazima jina letu akala nalo, sisi wenye nalo tumekaa tunafanya nini?

Tukaanza. Kamera ya kuazima, taa ya kuazima, betri ya kwetu.

Watu wanadhani mhusika anatokana na sauti. Kwangu hapana. Anatokana na kiungo kimoja cha mwili kinachofanya kitu ambacho mwenye nacho hajui kwamba anakifanya. Pale Mwaloni Kirumba, ambako dagaa na samaki wakavu wa ziwa lote hukutana kabla ya kwenda Kongo na kwingineko, kulikuwa na mzee mlinzi wa ghala. Mkono wake wa kushoto haukutoka kiunoni. Alikuwa kashikilia suruali. Akisalimia kashikilia, akinywa chai kashikilia, akifukuza vibaka anakimbia kashikilia. Mkono wa kulia ndio uliobaki kufanya kazi zote za dunia. Nilikwenda mara nne kumwangalia huku nikijifanya mnunuzi wa furu. Ya nne nikarudi chumbani Mabatini nikawaambia wenzangu, jamani nimempata.

Tulimpa suruali kubwa na kamba ya katani badala ya mkanda. Kamba ndiyo iliyokuwa ikichekesha, tuliona hivyo.

Miezi kadhaa baadaye, sidii imeshaanza kuzunguka, mzee mwenyewe alinisimamisha pale Mwaloni. Nilijua ananidai. Nikaanza kutafuta elfu kumi mfukoni. Hakutaka hela. Alipandisha shati, akanionyesha kiuno. "Mimi mkanda ninao," akasema. Na kweli alikuwa nao, mkanda wa ngozi mzuri tu, bakoli, kile chuma cha kufungia, ndiyo iliyokatika. "Mbona mmenifunga kamba?"

Sikuwa na jibu. Tulipotoa sehemu ya pili tulitoa kamba tukaweka mkanda wenye bakoli iliyokatika, na watu walicheka zaidi. Huwa natamani kusema nilibadilisha kwa heshima ya mzee. Nilibadilisha kwa heshima ya mzee, lakini na mimi nilikuwa nimeshaona kwamba mkanda uliokatika ni bora: mtu wa kamba ni maskini tu, mtu wa mkanda uliokatika anasubiri siku ya kuutengeneza.

Kuna jambo la lafudhi ambalo lazima niliseme, maana lilitugawa kikundi. Mama yangu mzazi, mtu wa Magu, aliangalia sidii ya kwanza mpaka mwisho, mikono kaikunja. Ilipoisha akauliza, "Kwa nini Msukuma wenu kila siku ndiye mjinga?" Mwenzetu mmoja akamjibu kwamba mama, hiyo ndiyo soko. Mama akasema soko la nani?

Swali hilo lilinijibu lenyewe siku tulipoalikwa Dar es Salaam kwenye sherehe ya watu wa kanda ya ziwa waishio huko. Nusu ya ukumbi ni watu wetu, nusu wenyeji wao. Nikafanya sini ya getini. Wenyeji walicheka nilipotamka maneno, kila nilipovuta ile sauti ya kwetu walikuwa chini. Watu wetu hawakucheka hapo. Walicheka mwishoni, mtu wa pikipiki alipokata tamaa akageuza. Walikuwa wanamcheka mtu wa pikipiki! Kwao mzee ameshinda. Amesimama pale kashikilia suruali, hana bunduki, hana rungu, na hakuna aliyepita. Neno moja tu. Toka siku ile sikumwandikia Mzee Nduhu sini ambayo anashindwa, na nikapunguza lafudhi mpaka ikabaki ile ninayoongea mwenyewe nikiwa nyumbani.

Baba yangu, ambaye vichekesho vyetu hakuvipenda sana, ndiye aliyenifundisha kitu kikubwa kuliko vyote kuhusu kazi hii bila kukusudia. Alikuwa mchezaji wa ngoma, wa upande wa Bagalu. Wasiojua: ngoma za Wasukuma zina pande mbili zinazoshindana tangu enzi, Bagika na Bagalu, na hata leo ukienda Bujora pale Kisesa mwezi wa sita wakati wa sherehe za ngoma za Bulabo utaona. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna majaji wenye karatasi. Watazamaji wanahama kwa miguu yao, na mwenye duara kubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana wanacheza na nyoka, wanacheza na sanamu za mbao zinazotikisa viungo, wamewahi kuingia hata na fisi. Baba alikuwa akisema, ukiona duara la mwenzako linanenepa na lako linakonda, usiongeze kelele, fanya kitu kidogo ambacho wa nyuma hawezi kukiona. Wa nyuma atasogea. Akisogea, aliyeko nyuma yake naye atasogea.

Kile kiganja kinachofunguka taratibu ni cha baba. Mzee wa Mwaloni hakuwa nacho.

Marekani wana majumba yao ya vichekesho. Chicago kuna Second City tangu mwaka 1959, mtu anaingia hapo anafundishwa kuchezea wazo moja mpaka lipasuke, halafu wenye bahati wanachukuliwa New York kwenye kile kipindi cha Jumamosi usiku, Saturday Night Live, kilichoanza Oktoba 1975. Eddie Murphy aliingia humo mwaka 1980 akiwa na miaka 19. Sisi darasa letu lilikuwa mnada, foleni, na uwanja wa ngoma. Sisemi letu ni bora. Lao lina mshahara.

Sasa nifike kwenye pesa.

Msambazaji mmoja wa Dar es Salaam, simtaji, alitununua. Sehemu ya kwanza na ya pili kwa pamoja, laki nne, watu watano. Mkataba ulikuwa kurasa mbili, tuliusaini juu ya boneti ya gari yake pale stendi ya Nyegezi kwa sababu alikuwa anawahi. Sidii zikauzwa mpaka Bukoba, mpaka Kigoma. Mwaka 2012 kampuni ya magodoro ikatutafuta, inamtaka Mzee Nduhu kwenye tangazo. Ndipo msambazaji akatutumia nakala ya mkataba na mstari mmoja kaupigia kalamu nyekundu: hakimiliki ya picha, sauti, majina na wahusika wote. Nilikwenda kwa mtu anayejua sheria. Akanieleza kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi uliyoifanya ikashikika, kwenye karatasi au kwenye mkanda wa video, wala hailindi wazo. Nikamuuliza, mzee anayeshikilia suruali ni kazi au ni wazo? Akacheka. Nadhani ndiye mwanasheria pekee niliyewahi kumchekesha bila malipo, na yeye pia hakunidai.

Tangazo likafanywa na mtu mwingine, kwa jina lingine.

Halikutupata sisi peke yetu. Ze Comedy wenyewe walipohama EATV kwenda TBC1, jina lilibaki kule walikotoka, wakaja mjini na jina jipya la Orijino Komedi. Na huko kwa wakubwa ndiyo usiseme. Mwaka 1993 mtangazaji David Letterman alihama NBC kwenda CBS. Alikuwa na mzee mmoja kwenye kipindi chake, mfupi, miwani minene, watu wanamfahamu kama Larry "Bud" Melman. NBC wakasema jina hilo ni letu. Mzee akahama na sura yake, sauti yake na miwani yake, ikabidi huko CBS aitwe Calvert DeForest, jina alilopewa na wazazi wake. Hebu fikiria: mtu anapigwa marufuku jina la uongo, anabaki na la kweli, na la kweli ndilo halina thamani. Mwaka 2016 yakamkuta mchekeshaji Stephen Colbert, tena yeye mhusika wake alikuwa na jina lake hilo hilo. Mawakili wa kampuni ya zamani wakamwambia yule Stephen Colbert ni wetu. Akatangaza kwamba yule hatamleta tena. Halafu akamleta binamu yake wanayefanana kama mapacha, naye anaitwa Stephen Colbert. Niliposoma habari ile nilisimama nikapiga makofi peke yangu dukani.

Mimi sikuwa na binamu. Kikundi kikavunjika taratibu, bila ugomvi. Mmoja kaenda Kahama, mmoja kaokoka, wawili wana familia. Mimi nikawa emsii. Jumamosi harusi, Jumapili kipaimara, katikati ya wiki spea. Na Mzee Nduhu akawa ananifuata kama deni. Bwana harusi anakulipa laki tatu lakini anataka umfanye mzee japo kidogo, mama mkwe amesafiri toka Sengerema kwa ajili hiyo. Mwaka juzi nilisimama kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu, nauliza kama kuna risiti za michango. Kabla mwalimu hajafungua mdomo, ukumbi mzima ukaitikia: "Nduhuuu!" Binti yangu alinisusia siku mbili. Mwalimu naye alicheka, na risiti sikuuliza tena.

Kwa hiyo utaelewa hasira yangu siku ile ya klipu. Kitu nilichozuiwa kukiuza, kilichonikosesha godoro, kijana wa Katoro, huko Geita, anakifanya bure na watu laki na kitu wamekitazama. Nikamtafuta kwa ujumbe. Akajibu saa hiyo hiyo: "Shikamoo mzee wangu, karibu sana Katoro." Hakuuliza mimi ni nani. Jumanne nikafunga duka nikapanda basi Nyegezi.

Zamani safari hii ilikuwa na kituo cha lazima. Unafika Kigongo, foleni ya kivuko, magari yamelala kwenye jua, watu wanakula mahindi ya kuchoma. Foleni ile ilikuwa ukumbi wetu. Watu hawana pa kwenda na hawana la kufanya. Mchekeshaji ataomba nini tena? Tuliuza sidii pale kwa elfu mbili mbili kuliko tulivyouza mjini. Tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita 3 juu ya maji, na basi langu lilivuka kabla abiria wa pembeni hajamaliza kumenya chungwa. Nilifurahi kama raia. Kama mchekeshaji niliona ukumbi wangu ukipita chini, mtupu.

Kwenye skrini ya basi walikuwa wameweka Mr. Bean. Yaani siku hiyo, kati ya siku zote. Nimemwona mtu huyu kwenye mabasi miaka ishirini, na utashangaa kusikia vipindi vyenyewe vilikuwa 15 tu, kuanzia siku ya mwaka mpya 1990 mpaka 1995. Rowan Atkinson, mhandisi wa umeme kwa masomo, alimjaribu Bean huko Montreal mwaka 1987 na akaomba apangwe siku ya wasemaji wa Kifaransa, makusudi, aone kama mtu huyu anasimama bila lugha. Akasimama. Baadaye Atkinson alipovuka hamsini akawa anasema hadharani kwamba mtu wa umri wake kufanya utoto kunaanza kusikitisha. Lakini katuni yake ipo tangu 2002, na katuni haioti mvi. Jamaa kapata njia ya kuzeeka bila mzee wake kuzeeka. Hapa nikajiambia, mimi wangu nilimfanya akiwa mzee tayari. Mimi ndiye ninayemfuata. Nina miaka 43 na nywele za pembeni zimeshaanza kunisaliti.

Halafu nikamfikiria Mzee Ojwang. Upande wa pili wa ziwa letu hili, Wajaluo ndio wenye pwani, na kwa miaka mingi Mjaluo aliyejulikana kuliko wote kwenye Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC ya Kenya, hakuwa Mjaluo. Alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Aliichukua lafudhi ya watu wengine akaivaa kwa upendo kiasi kwamba hawakumdai. Uzeeni macho yakamsumbua, Wakenya wakachanga pesa za matibabu, na alipofariki Julai 2015 magazeti yalimzika Ojwang. Wanjau alitajwa kwenye mstari wa pili. King Majuto vivyo hivyo: Agosti 2018, Muhimbili, taifa likampoteza Majuto, na wengi ndipo tukasikia kwamba kulikuwa na mtu anaitwa Amri Athumani. Alipokuwa kitandani habari za mikataba yake ya matangazo zilikuwa zimefika hadi kwa waziri. Mtu aliyechekesha nchi miongo kadhaa!

Kwa mawazo yangu, Joti ndiye aliyeona mbali. Bibi akichosha, mtoto yupo. Mtoto akichosha, kuna mwingine chumbani anavaa. Hakuna mmoja kati yao aliyepata nguvu ya kumfukuza mwenye nyumba. Masanja naye kafanya jingine, kawa mhubiri na mkulima wa mpunga, na jina kaenda nalo madhabahuni. Sijui waumini wanaitikiaje, lakini kwamba anaweza kusimama pale na jina la kuchekesha na bado akasikilizwa, hilo mimi kwenye kikao cha wazazi lilinishinda.

Nilifika Katoro saa saba mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kijana ana kibanda cha wakala wa pesa za simu karibu na stendi. Alinipokea kwa mikono miwili, akanivutia kiti, akamtuma mdogo wake soda. Hotuba yangu ilikuwa tayari, nilikuwa nimeipanga toka Sengerema, ina sheria ndani yake, ina mwaka 1999.

"Kijana wangu," nikaanza, "yule Mzee Nduhu unayemfanya..."

"Unamfahamu?" akauliza kwa furaha. "Baba alikuwa na sidii yake. Ilikwaruzika, ikawa inaruka. Kuna sehemu siijui mpaka leo, ananyanyua mkono halafu tayari mtu wa pikipiki ameshaondoka. Hapo katikati nimejaza mwenyewe."

Nikamwambia ule mzee ni wa kwangu. Nilimtengeneza mimi.

Alinyamaza. Akanitazama usoni, bila shaka akiondoa ndevu za pamba na kuongeza miaka kumi na mitano. Kisha akaweka mikono kichwani. "Mzee, nisamehe. Mimi nilijua ni kama Abunuwasi. Nilijua hana mwenyewe."

Hotuba yote ikayeyuka. Unamjibu nini mtu aliyekuambia hivyo? Kwamba Abunuwasi wako ana mwenyewe, naye anauza cheni za pikipiki Buzuruga? Na nikakumbuka mstari ule wenye kalamu nyekundu: kwa karatasi, hata mimi si wangu.

Tulikula ugali na sato kwa mama ntilie wa jirani, alilipa yeye. Akanieleza pesa anayopata. Si nyingi. Duka moja la mabati limempa tangazo, ndiyo maana lile geti ni jipya hivyo. Aliniuliza nataka nusu? Nilimwambia tule kwanza.

Jioni wateja walipopungua alifunga kibanda nusu, tukasimama nyuma, kwenye kiwanja kidogo chenye kamba za nguo. Nikamwonyesha kile kipande kilichoruka kwenye sidii. Kiganja hakifunguki kabla ya macho. Kwanza macho yanakwenda getini, yanarudi, ndipo vidole, kimoja kimoja, kuanzia cha mwisho. Alijaribu. Haraka mno. Nikamwambia wa nyuma hajasogea bado. Akajaribu tena, na mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo akasimama na shuka mkononi.

"Sawa," nikasema. "Na huu wa kushoto hautoki kiunoni. Hata akipigwa na radi. Unashikilia suruali muda wote, mkanda umekatika bakoli."

"Hapana mzee," akasema kwa adabu kabisa. "Siku hizi hafanyi hivyo."

"Nani hafanyi?"

"Mzee Nduhu. Siku hizi mkono wa kushoto una simu. Anatafuta mtandao." Akatoa simu yake, akainyanyua juu ya kichwa, akazunguka nayo taratibu, uso umekunjamana kama mtu anayesubiri mvua. Yule mama alikuwa ameshaacha nguo zote.

"Wa kulia je?"

"Wa kulia ndio wa nduhu."

"Sasa suruali," nikamuuliza, "imeshikiliwa na nini?"

Akaisahau simu hewani. Akatazama kiunoni, akatazama kamba za nguo, akanirudia. Vidole vikafunguka kimoja kimoja, kuanzia cha mwisho.

"Nduhu."